Ukinyamaza Umebaki

Nilifika Ifakara kwa treni, siku mbili baada ya ile niliyotakiwa kuripoti kazini. Nilitoka Sumbawanga kwa basi mpaka Mbeya, nikalala kwa shemeji yangu, asubuhi nikaenda stesheni nikaambiwa treni bado iko Zambia na hakuna anayejua imesimama kwa nini. Ikaja kesho yake. Tukapita Makambako tumejikunyata kwa baridi, tukateremka mlima kupitia mahandaki, kila handaki watoto wakipiga kelele kama ndilo la kwanza. Mlimba akina mama walipitisha madirishani ndizi na samaki wa kukaanga. Kuanzia hapo kushoto kulikuwa milima na kulia mpunga, mpunga mpaka jicho linachoka. Nilikuwa na begi moja, na ndani yake koleo ya kubania vichwa vya waya niliyoinunua Mwanza, kwenye kazi niliyoiacha baada ya mwaka mmoja na nusu. Kabla ya Mwanza nilikaa Tunduma, na kabla ya Tunduma, Songea. Nilijiambia Ifakara nitakaa mwaka mmoja.

Stesheni alinipokea mzee mwembamba mwenye baiskeli na ngazi iliyofungwa ubavuni kwa mpira.

"Wewe ndiye fundi wa Sumbawanga?"

"Shikamoo. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Jana nilikuja, juzi nilikuja. Nikasema huyu ameamua kuhamia kwenye treni."

Huyo alikuwa Mzee Kasiani, Mndamba wa bonde lile, aliyevua samaki mtoni nusu ya maisha yake kabla ya kuanza kupanda nguzo za mtandao. Ndiye aliyenifundisha kazi. Cheti changu kilisema ninaijua tayari, lakini cheti hicho hakikuwahi kupanda bomba la futi arobaini lililosimikwa kwenye udongo wa Ifakara wakati wa masika.

Nawaandikia ninyi mafundi mnaobaki na mikanda yangu ya kupandia nguzo. Sijastaafu kwa umri, maana bado niko kwenye arobaini na kitu. Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu, na sababu nyingine nitaieleza mbele.

Siku ya kwanza tulikwenda Viwanja Sitini kufunga dishi kwa Mama Skolastika. Alikuwa na duka la steshenari, chumba kimoja chenye mashine ya kutolea kopi, kompyuta mbili na benchi la kusubiri, na wanafunzi waliomaliza shule walifika kwake kuomba nafasi za vyuo. Yeye kwao kulikuwa Mahenge. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa na sauti ya kuamrisha hata anapokuomba. Wingu lilikuwa limekaa vibaya upande wa mto, nami nilikuwa nimepanda mpaka nusu ya bomba.

"Mzee," nikaita kule chini, "radi za huku zikoje?"

Kasiani akaiachia kamba kwa mshangao. "Unatoka Sumbawanga unaniuliza mimi habari za radi? Si mnazifuga huko?"

"Mwambie asiniletee hapa!" Mama Skolastika akasema kutoka mlangoni. "Kama amekuja nayo, aiache stesheni."

Nililenga dishi kwenye mnara, nikashuka, nikafungua karatasi za mkataba. Mkataba wetu uliandikwa Kiingereza, kurasa nne za herufi ndogo, na kazi ya kuueleza kwa mteja ilikuwa ya fundi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kinanitosha. Nilimwonyesha Mama Skolastika mahali palipoandikwa mwaka mmoja.

"Ni mwaka mmoja, mama. Ukiisha tutaonana."

Akatia sahihi. Sentensi iliyofuata pale kwenye karatasi ilisema kwamba mwaka ukiisha, mkataba utaanza upya wenyewe kwa mwaka mwingine, isipokuwa mteja awe amemkabidhi mtumishi wa kampuni taarifa ya maandishi yenye sahihi yake, siku thelathini kabla. Hiyo sikuisoma kwa sauti. Nilikuwa na haraka ya mvua, na ilionekana kama sentensi ya wanasheria, ambayo wengine hatuna haja nayo. Kumbukeni hapo, maana nitaparudia.

Kasiani alikuwa na mazoea mengi, na mengi yalinichosha. Hakupanda kabla ya kugonga bomba kwa spana mara tatu, akisikiliza kama kuna nyigu waliojenga kwenye dishi. Hakuacha tone la maji liingie kwenye waya, kila waya aliukunja kama mkono wa birika kabla haujaingia ukutani ili mvua idondoke nje. Lakini zoea lake kubwa lilikuwa kitabu cha kadi za kazi. Mnakijua: karatasi ya juu inakwenda ofisini, kopi inabaki kitabuni, chini kuna nafasi ya maoni ya mteja, na mteja anatia sahihi. Mafundi wengi huandika "mteja ameridhika" wakaendelea na safari. Kasiani alijaza nafasi yote.

"Andika alichosema," aliniambia, "usiandike ulichoelewa. Akikwambia mbuzi wake amezaa, andika amezaa."

"Kampuni itafanya nini na mbuzi, mzee?"

"Hujui. Ndiyo maana unaandika."

Nikaandika mambo ya mbuzi kwa miaka tisa. Nimeandika mteja anasema mtandao unapungua mtoto wake akilia. Nimeandika mteja anasema mume wake asiambiwe neno la siri. Mvulana wa data wa makao makuu alinipigia simu siku moja akiuliza kama niko salama.

Tatizo la mwisho wa mikataba nililiona kwa mara ya kwanza Kiberege. Kulikuwa na mzee mmoja pale, mkulima wa mpunga mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, na ofisi ilinituma kwa sababu dishi lake lilikuwa halionekani kwenye mfumo. Nilifika nikakuta bomba limelazwa chini vizuri kando ya ukuta, waya umezungushwa kama kamba mpya ya dukani, na pale lilipokuwa limesimama pameota mahindi. Mzee akatoka na mfuko. Ndani kulikuwa na ruta, imepanguswa, na chaja yake imefungwa kwa uzi.

"Umekawia, fundi. Vyombo vyako viko tayari tangu mavuno. Na huu mchele ni wako, wa kukushukuru."

"Mzee, ulitoa taarifa?"

"Taarifa ya nini? Mwaka si umekwisha?"

"Ulitakiwa useme kwamba huendelei."

Akanitazama kwa huruma. "Kijana, ningekuwa naendelea si ningekuja kukwambia?"

Nilirudi na mchele, na Kasiani akanieleza huku akiuchambua. Bondeni watu wanakodishana mashamba ya mpunga kwa msimu. Ukishavuna, umemaliza. Ukilitaka tena shamba la mtu, unamwendea kabla ya mvua, unakaa, unaongea naye, mnapatana upya. Usipokwenda, mwenye shamba anajua umeondoka, na hana kinyongo, anampa mwingine. Hakuna anayetembea kilomita kumi kwenda kusema kwamba hatakuja. Ungeonekana umechanganyikiwa.

Ndiyo hivyo. Bondeni ukinyamaza umeondoka, na kwenye mkataba wetu ukinyamaza umebaki. Watu wema kabisa, waliokuwa wakifunga vyombo vyetu kwa uzi na kuvitunza juu ya kabati, kwenye mfumo walihesabiwa wateja wa mwaka wa pili wanaokwepa simu. Na ofisi ilipowapigia kwa ukali, walidhani ni matapeli, wakakata.

Nilitakiwa nianze siku ile ile kuisoma ile sentensi ya pili kwa kila mteja mpya. Nilianza. Kwa wale wa zamani sikurudi. Walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa anaonekana mwenye furaha.

Kasiani alirudi kwenye mpunga wake mwaka wangu wa sita. Aliniachia spana na ngazi, baiskeli akakataa kuiacha. Ofisi ilihamia Kibaoni, akaja meneja mpya wa tawi, Dada Halima, mwanamke wa maneno machache ambaye alitaka kila kadi ya kazi iwe mezani kwake jioni ile ile. Fundi anayekaa na kadi alipewa barua ya onyo. Onyo la pili, unakwenda nyumbani. La kwanza nilikuwa nalo tayari, kwa kadi iliyoloa mto Lumemo ulipofurika.

Miaka tisa ilipotimia, wiki moja ya mwanzo wa kiangazi, Mama Skolastika alinipigia.

"Fundi, njoo dukani. Usije na ngazi, njoo na masikio."

Nilikuta rafu tupu. Mashine ya kopi ilikuwa imeviringishwa ndani ya magodoro mawili. Mama yake mzazi kule Mahenge alikuwa ameanguka, hawezi tena kujihudumia, na yeye ndiye binti pekee. Fuso ya kubeba mizigo ilikuwa imepangwa Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Asubuhi ile alikwenda ofisini kwetu kuaga, akiwa na ruta mkononi, imefungwa kwenye kitambaa chake, na binti wa mapokezi akamwambia mkataba wake umejirudia wiki tatu zilizopita. Hawezi kuufunga mpaka mwaka ujao.

"Nimekaa hapa miaka ishirini na mbili," akasema. "Nimewaombea vyuo watoto wa mji huu mpaka wengine wamerudi ni madaktari. Leo naambiwa nikiondoka nimetoroka. Mimi, mtoro?"

"Hakukwambia hivyo, mama."

"Alisema 'utahesabiwa umevunja mkataba.' Hicho ni Kiswahili cha mtoro." Akakaa kwenye benchi la wateja, mara ya kwanza kumwona pale. "Siwezi kuondoka na jina hilo. Na siwezi kukaa. Mama yangu anasubiri mtu wa kumgeuza kitandani, mimi nasubiri kompyuta yenu iniruhusu. Halafu wewe ndiye uliyesema mwaka mmoja. Nakumbuka. Ulisema ukiisha tutaonana."

"Nilisema."

"Basi tumeonana."

Miaka yote tisa alidhani mwaka wa kwanza ulikwisha na tangu hapo tunakwenda mwezi kwa mwezi kwa kuaminiana, kumbe mkataba ulikuwa unaanza upya kila mwaka bila yeye kujua.

"Na mimi nilikwambia," akaendelea, taratibu sasa. "Ile siku ya kitambaa. Nilikwambia mwaka huu siumalizi."

Nilipanda bodaboda mpaka chumbani kwangu nikatoa vitabu vya kadi. Siku ya kitambaa ilikuwa miezi mitatu nyuma. Alipiga simu mtandao umekufa, nikaenda, nikakuta ruta imefunikwa kitambaa cha kufuma, cha maua, tabaka mbili, nayo inachemka kama sufuria. Nikakiondoa, mtandao ukarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Niliandika kadi, akatia sahihi, halafu nikaona aibu kumpelekea Dada Halima karatasi inayosema fundi wa miaka tisa ametembea mpaka Viwanja Sitini kuondoa kitambaa. Nikaiacha kitabuni.

Ilikuwa pale, ya juu na kopi yake, zote mbili hazijachanwa. Chini, kwenye maoni ya mteja, kwa mwandiko wangu: "Mteja anasema kitambaa alifuma dada yake. Anasema mama yake anaumwa Mahenge, masika haya yakiisha anarudi kwao, hataendelea na mtandao. Anasema fundi amekonda." Chini yake kulikuwa na tarehe na sahihi ya Mama Skolastika, kubwa kama yeye.

Nikasoma sentensi ile ya mkataba tena. Taarifa ya maandishi, yenye sahihi ya mteja, mikononi mwa mtumishi wa kampuni, siku thelathini kabla. Mtumishi wa kampuni nilikuwa mimi. Taarifa ilifika. Mimi ndiye niliyeikalia.

Sitawadanganya kwamba sikufikiria. Nilikaa kitandani na kile kitabu magotini kwa muda mrefu. Nikiipeleka, Mama anakwenda kwao na mimi nakwenda kwetu. Nikaona pia kwamba nilikuwa najiambia "naogopa kufukuzwa" wakati sikuwa nasikia hofu yoyote, ila kitu kama anachohisi mtu akisikia honi ya treni kwa mbali. Nikaoga, nikavaa shati safi.

Dada Halima aliisoma kadi mara mbili.

"Nani aliyeandika fundi amekonda?"

"Mimi. Alisema yeye."

"Kwa nini haikuletwa?"

"Niliona aibu. Ilikuwa kitambaa."

Akaitazama tarehe, akaigeuza kadi nyuma, akaona kopi bado imeshikamana nayo. Hakuna mtu anayetengeneza uongo wenye dada mfumaji ndani yake, nadhani ndivyo alivyowaza. Akafungua mkataba kwenye kompyuta, akasoma kwa midomo bila sauti.

"Siku zinatosha," akasema. "Zimezidi. Mteja hana kosa." Halafu akanitazama. "Wewe unalo."

"Ninalo."

"Unajua hili ni la pili."

"Najua, dada."

Alichapa barua ya kufunga mkataba pale pale, akagonga mhuri, akaniambia nikalete dishi kwa mkono wangu, nihakikishe namba za nyuma ya ruta zinalingana na za kwenye fomu. Kuhusu onyo alisema tu, "Njoo Jumatatu."

Ijumaa nililishusha dishi nililolipandisha siku yangu ya kwanza. Niligonga bomba mara tatu. Nyigu walikuwepo. Mama Skolastika alisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akasoma mpaka mhuri, akaikunja na kuitia ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya mkoba.

"Wamekupiga faini?"

"Bado. Jumatatu."

"Wakikufukuza uje Mahenge. Mtandao hakuna, lakini baridi itakuzoea, si mnayo kwenu?" Akanikabidhi kile kitambaa cha maua. "Hiki ndicho shahidi wangu. Funikia kitu chochote, isipokuwa ruta."

Fuso iliondoka Jumamosi asubuhi. Nilisimama pale mpaka ilipokata kona, nikasikia mwili mzima umekuwa mwepesi, kama pale unapofungua mkanda wa usalama baada ya kushuka.

Kati ya Jumamosi na Jumatatu nilitafuta mkataba wangu mwenyewe wa ajira. Nilijua nitakachokikuta. Ni mwaka mmoja, na ukiisha bila upande wowote kusema neno, unaanza upya; anayetaka kuondoka katikati anatoa taarifa ya siku thelathini. Mimi ambaye sikuwahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili nilikuwa nimekaa tisa, na hakuna siku hata moja niliyoamua. Nilinyamaza tu. Sisemi ilikuwa vibaya. Nitaukosa ule mchele, nitakosa harufu ya majani ya mpunga yanapochomwa, nitamkosa Kasiani akinicheka kwa Kindamba na wenzake. Lakini magoti yalikuwa yamesema zamani, na mimi sikuwa nimeyaandika.

Jumatatu Dada Halima alikuwa na barua ya onyo mezani. Onyo tu, siyo barua ya kufukuzwa. Alikuwa ameyaandikia makao makuu kwamba fundi alijileta mwenyewe, asifukuzwe. Nikapokea, nikashukuru, nikatoa yangu. Nakala mbili, tarehe, sahihi, siku thelathini.

Akaisoma. "Sijakufukuza."

"Najua, dada. Ndiyo maana naweza kuondoka vizuri."

Akacheka kidogo, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Ungekaa tu kimya usije, si ndivyo wanavyofanya wateja wako?"

"Ningekuwa bado mfanyakazi wako mwakani."

Akagonga mhuri nakala zote mbili, akanirudishia moja. Zile siku thelathini nilizitumia vizuri kuliko miaka mitatu iliyotangulia. Niliwazungukia wateja wa zamani mmoja mmoja, Kibaoni, Viwanja Sitini, mpaka Kiberege, nikawasomea ile sentensi ya pili kwa Kiswahili, na kila mmoja nikamwandikisha tarehe ya mwisho wa mkataba wake ukutani, karibu na ruta. Wale waliotaka kuondoka niliwaandikia barua kwa mkono wangu wakatia sahihi, nikawarudishia nakala yenye mhuri. Mzee wa Kiberege alicheka sana. Alisema tangu azaliwe hajaona watu wanaotaka kuambiwa kwamba mtu hayupo.

Ninyi fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza, kabla hamjafungua boksi la ruta. Na kadi msikae nazo, hata za vitambaa.

Siku ya mwisho Kasiani alinisindikiza stesheni kwa baiskeli ile ile, begi langu limefungwa pale ilipokuwa ngazi. Treni ilichelewa kwa saa tano tu. Nilipoketi dirishani, konda akapita akiomba tiketi, nikaingiza mkono mfuko wa shati nikampa karatasi. Akaifungua, akaisoma, akausoma na mhuri.

"Mjomba, hii inasema umeondoka," akasema, akinirudishia. "Sasa nipe ile inayosema unakwenda wapi."

Ilikuwa mfuko wa pili.